Mtaji wa Arusha Uvuke Mpaka Gani: Kongo, Sudan Kusini au Somalia?

Tarehe 24 Novemba 2023, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana hapa Arusha na kulikubali ombi la Somalia, ombi lililokuwa limekaa mezani tangu mwaka 2012. Tarehe 4 Machi 2024 hati ya kuridhia mkataba ikawasilishwa makao makuu ya Jumuiya, na Somalia ikawa mwanachama wa nane. Tangu hapo, katika kazi yangu ya kuwaandalia hesabu wasagishaji wa nafaka, wauza mbegu na wasafirishaji wa Arusha na Moshi, nimeulizwa swali lile lile na watu wengi: kwa kuwa milango imefunguliwa, mwenye mtaji wa kati aupeleke wapi kwanza, Kongo, Sudan Kusini au Somalia?

Ulinganisho huu ndio jibu langu, ingawa nusu ya kwanza ya swali lenyewe siikubali. Mlango wa forodha haufunguki siku mkataba unapotiwa saini, na mara nyingi haufunguki hata mwaka unaofuata. Aidha, anayeuliza huwa bado hajaamua kama anataka kuuza huko bidhaa iliyotengenezwa Moshi au kwenda kuitengeneza huko huko, na mambo hayo mawili hupimwa kwa mizani mbili tofauti.

Posa ndefu ya Ulaya, ndoa ya haraka ya kwetu

Watu wengi wanaosema kwamba uwekezaji hufuata uanachama wameuchukua mfano huo kutoka Ulaya, kwa hiyo ni vyema tuutazame vizuri. Umoja wa Ulaya uliweka masharti yake ya kupokea wanachama wapya mwaka 1993 mjini Copenhagen: demokrasia na utawala wa sheria, uchumi wa soko unaoweza kuhimili ushindani, na uwezo wa kuzichukua sheria zote za Umoja. Nchi inayoomba hupitia majadiliano ya sura kwa sura, ambayo siku hizi ni sura 35, na kila sura ina sheria zinazopaswa kubadilishwa kabla ya kuingia. Hiyo ni posa ambayo mahari yote hulipwa mlangoni.

Sasa tazama mitaji ilifika lini. Volkswagen iliingia Škoda mwaka 1991, miaka 13 kabla ya Jamhuri ya Czech kuwa mwanachama tarehe 1 Mei 2004. Suzuki ilianza kuunda magari Esztergom, Hungary, mwaka 1992. Renault iliinunua Dacia ya Romania mwaka 1999, ilhali Romania iliingia Umoja tarehe 1 Januari 2007. Mitaji hiyo haikungoja bendera, kwa sababu mikataba ya ushirika ya miaka ya 1990 ilikuwa imeshafungua soko la Ulaya kwa bidhaa za viwandani, mishahara ya mafundi ilikuwa chini, na sheria za nchi zilikuwa zikirekebishwa chini ya uangalizi unaoonekana. Uturuki inaonyesha jambo hilo hilo kwa upande wa pili: imo katika umoja wa forodha na Ulaya, yaani mapatano ya kutotozana ushuru na kuwatoza wa nje ushuru mmoja, tangu mwanzo wa mwaka 1996, na viwanda vya magari vya Bursa huuza Ulaya bila Uturuki kuwa mwanachama hadi leo.

Posa nayo ikizidi kurefuka huchosha. Macedonia Kaskazini ilitambuliwa kuwa mwombaji rasmi mwaka 2005, ikabadilisha hata jina la nchi mwaka 2019 ili kumaliza mgogoro wake na Ugiriki, na majadiliano yakafunguliwa mwaka 2022 tu. Serbia inajadiliana tangu 2014, na katika kipindi hicho kiwanda cha chuma cha Smederevo na mgodi wa shaba wa Bor vimechukuliwa na makampuni ya China, ambayo sidhani kama yalikuwa yakihesabu sura za Brussels.

Kwetu mpangilio ni kinyume. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Jumuiya inataja vigezo vya kupokea mwanachama, vikiwamo utawala bora, ukaribu wa kijiografia na uchumi wa soko, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kulinganisha sheria na ushuru hufanyika baada ya nchi kuingia, tena kwa awamu. Rwanda na Burundi ziliingia Julai 2007 na kuanza kutekeleza umoja wa forodha Julai 2009. Sudan Kusini ilitia saini Aprili 2016, na Kongo iliyoomba mwaka 2019 ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Kwa lugha ya wazazi wetu, hapa mtu huoa kwanza, mahari hulipa kidogo kidogo ndani ya ndoa. Mwenye mtaji anayesoma tarehe ya uanachama kana kwamba ni tarehe ya kuondolewa ushuru ataumia katika shehena yake ya kwanza.

Kuuza kutoka hapa au kufungua huko

Anayeuza kutoka Moshi anahitaji umoja wa forodha utekelezwe: bidhaa yake iwe na cheti cha uasili, yaani hati ya kuthibitisha imetengenezwa ndani ya Jumuiya, iingie bila ushuru, na bidhaa shindani kutoka nje ya Jumuiya itozwe ushuru wa pamoja, ambao una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, pamoja na viwango vya juu zaidi kwa bidhaa nyeti kama mchele, ambao hutozwa asilimia 75, na sukari, asilimia 100. Kwake yeye, uanachama unaotekelezwa ni faida tupu.

Anayefungua kiwanda huko yuko katika hali nyingine kabisa. Ikiwa alivuka mpaka ili kukwepa ukuta wa ushuru, yaani alijenga kinu Juba kwa sababu unga wa nje ulikuwa ukitozwa sana, basi siku umoja wa forodha utakapotekelezwa kikweli ukuta uliomlinda utaondoka, na unga wa Uganda na Kenya utakuja kushindana naye mlangoni kwake. Hiyo ndiyo sababu ninawaambia wateja wangu waandike kwenye karatasi, kabla ya kunionyesha hesabu yoyote, faida yao inatoka kwenye ukuta au inatoka kwenye kitu kingine, kama vile ukaribu na mteja, malighafi ya hapo hapo, au huduma isiyoweza kupakiwa kwenye lori. Inayotoka kwenye ukuta ina tarehe ya kufa.

Kongo

Kwa mtaji wa kati, Kongo naiweka mbele ya wenzake wawili, na sababu zangu hazitokani sana na mwaka 2022. Mabenki yalishatuonyesha njia. Benki ya Equity ya Kenya ilinunua benki yake ya kwanza huko mwaka 2015 na ya pili mwaka 2020, kabla Kongo haijakubaliwa. KCB ilinunua Trust Merchant Bank Desemba 2022, miezi mitano baada ya uanachama kukamilika, na CRDB ya hapa nyumbani ikafungua Lubumbashi, jiji la kusini mwa Kongo, mwaka 2023. Wote watatu walifuata kitu kile kile, nacho ni soko la watu wanaokaribia au kuzidi milioni 100 ambalo huduma za benki zilikuwa zimelifikia kwa uchache, na shughuli za shaba na kobalti za Katanga, eneo la migodi lenye jiji la Lubumbashi, zinazolipwa kwa dola. Aliyetangulia kabla ya uanachama alipata nafasi ya kuchagua. Waliokuja baada wamekuta bei na washindani. Kwa mfanyabiashara wa Arusha asiye benki, funzo ni kwamba wateja wa maana tayari wanapokea na kulipa kupitia mabenki ambayo yana matawi pia Tanzania, jambo ambalo miaka kumi na tano iliyopita lisingewezekana.

Lakini ni lazima kutofautisha Kongo ya mashariki na Kongo ya kusini. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Mtu anayeniambia leo kwamba anataka kufungua bohari Goma kwa sababu nchi ni mwanachama, namwomba asubiri. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni habari nyingine: ziko mbali na vita hiyo, na watu wake huzungumza Kiswahili, chenye ladha yake ya Kikatanga, kiasi kwamba dereva wa Kiboriloni hupatana bei bila mkalimani.

Kikwazo cha Lubumbashi kiko barabarani. Kutoka Arusha hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 1,000, kisha lori huingia Zambia, nchi isiyo mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kuikata hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kwa hiyo shehena inayotoka mwanachama kwenda mwanachama inapita kama mzigo wa safari katika nchi ya tatu, pamoja na dhamana zake, mizani yake na foleni zake mbili. Njia ya pili ni reli au barabara hadi Kigoma na meli hadi Kalemie, bandari ya Kongo upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, njia ambayo inabaki ndani ya Jumuiya mwanzo hadi mwisho, lakini ratiba yake hutegemea meli zilizopo ziwani wiki hiyo. Ninayemshauri kuuza Katanga humtaka aweke gharama ya siku tano za ziada kabla ya kukokotoa faida, na akibaki na faida baada ya hapo, aende.

Kwa anayetaka kufungua kampuni huko, kuna jambo ambalo halipatikani katika hati yoyote ya Jumuiya. Sheria ya makampuni ya Kongo inatoka katika jumuiya nyingine kabisa, OHADA, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012 na ambayo huunganisha sheria za biashara za nchi nyingi zinazotumia Kifaransa. Katiba ya kampuni, wajibu wa mkurugenzi, dhamana ya mkopo, vyote vinasomwa huko na kwa Kifaransa. Kwa mwekezaji hilo ni afadhali kuliko linavyosikika, kwa sababu sheria hizo zimeandikwa, zinafahamika na zina mahakama ya juu ya pamoja mjini Abidjan. Ila wakili wako wa Moshi, hata awe hodari namna gani, hatakufaa. Tafuta wakili wa Lubumbashi kabla ya kutafuta jengo.

Sudan Kusini

Hakuna nchi inayofundisha vizuri zaidi kwamba uanachama na usalama wa mtaji ni vitu viwili. Kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda cha bia Juba mwaka 2009, kabla hata ya uhuru wa Julai 2011. Kiwanda kilivumilia vita vilivyoanza Desemba 2013. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ya nchi ielee, ikapoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mara moja, na dola za kuagizia malighafi zikakosekana. Mapema mwaka 2016 kiwanda kikasimamisha uzalishaji, na Aprili mwaka huo huo nchi ikatia saini mkataba wa Jumuiya. Julai risasi zikarindima tena Juba. Ushuru haukuwa tatizo la kiwanda kile. Wanywaji walikuwapo, bia iliuzika, lakini pauni zilizokusanywa hazikuweza kugeuzwa kuwa dola.

Tatizo hilo bado lina mzizi ule ule. Mapato ya serikali hutegemea mafuta, na mafuta hupita katika bomba linalokwenda bandari ya Sudan, nchi iliyo vitani tangu Aprili 2023. Bomba lilipopasuka Februari 2024, sehemu kubwa ya mauzo ya nje ilikatika, na soko la Juba likaathirika pamoja na mishahara inayolitegemea. Kiwango cha kubadilisha fedha ndicho kipimo changu cha kwanza kwa nchi hii, na kiwango cha ushuru kinakuja mbali baadaye.

Hata hivyo Sudan Kusini hununua chakula kingi, na barabara ya lami ya kutoka Nimule, mpakani na Uganda, hadi Juba, iliyokamilika mwaka 2012, inaunganika na Gulu na Kampala. Wauzaji wa Uganda na Kenya wako karibu zaidi kuliko sisi, nao wameshika soko la unga. Kwa hiyo nafasi ya Arusha ni ndogo na mahususi: mbegu, dawa za mifugo, au nafaka kwa mashirika yanayolipa kwa dola kupitia benki ya nje. Uza ukilipwa kabla ya lori kuvuka Elegu, upande wa Uganda wa mpaka huo, na usiwe na bohari. Usalama wa madereva katika barabara hiyo ulikuwa mbaya kiasi cha kuwafanya wagome Elegu mwaka 2021, kwa hiyo bima ya mzigo na ya dereva iandikwe kwa jina la njia, ikitaja Nimule na Juba, na isiishie kwenye maneno ya jumla ya Afrika Mashariki. Kufungua kiwanda huko kwa mtaji wa mkopo wa benki ya hapa, kwa maoni yangu, ni kosa.

Somalia

Somalia ina sifa mbaya ya usalama na sifa nzuri ya malipo, na watu wengi hujua ya kwanza tu. Kwa kuwa serikali kuu ilivunjika mwaka 1991, wananchi walijizoeza kufanya biashara bila benki kuu inayochapa noti, na leo mteja wa Mogadishu hulipa kwa dola kutoka kwenye simu, kwa huduma kama EVC Plus. Mwuzaji hapati hasara ya sarafu ile iliyoua kiwanda cha bia cha Juba. Desemba 2023 nchi ilikamilisha pia mpango wa kusamehewa deni, ambalo lilipungua kwa takriban dola bilioni 4.5, na mashirika ya fedha ya kimataifa yakarudi mezani.

Wawekezaji wa nje hawakungoja Jumuiya. Kampuni ya Uturuki ya Albayrak inaendesha bandari ya Mogadishu tangu 2014, na benki ya Ziraat ya Uturuki ilifungua tawi huko mwaka 2023. Mtaji ulikuwa pia ukitoka: mwaka huo huo wa 2023 benki ya Premier ya Somalia ilinunua hisa nyingi za benki moja ya Kenya, kabla nchi yao haijakubaliwa. Msomali mwenye mtaji alikuja kwetu mapema kuliko sisi tulivyokwenda kwake, na anayefahamu maduka ya Arusha hashangai.

Ugumu uko katika ushuru na njia. Somalia huagiza mchele na sukari kwa wingi kutoka Asia. Ikitekeleza ushuru wa pamoja ulivyo, mchele huo utatozwa asilimia 75, na mchele wa Tanzania utaingia bure. Kwa mkulima wa skimu za Lower Moshi hiyo ni ndoto njema. Lakini ni serikali gani, katika nchi iliyopitia njaa, itakayopandisha bei ya wali kiasi hicho kwa siku moja? Natarajia kipindi kirefu cha mpito na misamaha mingi, na mwenye kujenga hesabu yake juu ya asilimia 75 anajenga juu ya mchanga. Sukari ni hivyo hivyo, na zaidi, kwa sababu magendo ya sukari kutoka Kismayu kuingia Kenya ni biashara ya miaka mingi ambayo Nairobi ina hofu nayo.

Kuhusu njia, mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011. Ahadi ya kuufungua iliyotolewa Mei 2023 iliahirishwa baada ya mashambulizi. Kwa hiyo, tofauti na Sudan Kusini, hakuna lori la kutoka Namanga kwenda Mogadishu. Mzigo wa Moshi utashuka Tanga, Dar es Salaam au Mombasa na kupanda meli. Bidhaa isiyoharibika, yenye thamani kubwa kwa kilo, inaweza kubeba gharama hiyo: kahawa iliyokaangwa, viungo, maharage yaliyofungashwa. Parachichi, ambalo kila mtu wa Njiro anataka kuliuza nje siku hizi, haliwezi bila kontena la baridi na umeme wa uhakika upande wa pili.

Ulinzi wa karatasi

Faida moja ya uanachama ambayo huanza mara moja ni haki ya kushtaki. Mkazi wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, anaweza kuipeleka serikali ya nchi nyingine mwanachama katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo iko hapa hapa Arusha, ikiwa sheria au hatua yake inakiuka Mkataba. Mwaka 2019 kampuni ya tumbaku ya BAT Uganda ilishinda kesi dhidi ya serikali ya Uganda kuhusu ushuru uliobagua sigara zilizotengenezwa Kenya. Muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu tangu hatua ifanyike au mlalamikaji aifahamu, na nimeona wafanyabiashara wakiumaliza wakiandika barua za kuomba huruma.

Tusijidanganye pia kwamba wageni katika Jumuiya ndio pekee wenye mazoea ya kufunga milango. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni Namanga. Julai 2025 serikali yetu ikawapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, Wakenya wakalalamika. Hawa ni waasisi wa Jumuiya. Hatari ya mpaka kufungwa ghafla, basi, iingizwe katika hesabu ya nchi zote tatu kwa kiasi kinacholingana.

Nani aende wapi

Msagishaji wa Moshi anayetaka kuuza unga aanze na Katanga kupitia Tunduma, kwa shehena ndogo mbili au tatu, akitumia bohari ya kukodi Lubumbashi. Mwuza mbegu au dawa za mifugo mwenye mteja wa dola aende Juba bila kuweka chochote ardhini. Mkaangaji kahawa au mfungashaji wa viungo ajaribu Mogadishu kwa mshirika wa Kisomali aliyeko Arusha au Nairobi, ambaye atamlipa hapa na kubeba hatari ya bahari mwenyewe. Kipande cha faida atakachompa ni bei halali ya ujuzi. Anayetaka kujenga, na si kuuza tu, nchi ni moja kwa sasa: Kongo ya kusini, katika shughuli inayoishi kwa ukaribu na migodi, kama karakana ya malori, chakula cha wafanyakazi au huduma za ghala.

Na kabla ya kulipia chochote, soma Gazeti la Jumuiya: kila mwishoni mwa Juni, bajeti zikishasomwa, hutoka likiorodhesha viwango ambavyo kila nchi imeomba kuvikwepa kwa mwaka unaofuata. Itafute humo bidhaa yako kwa namba yake ya forodha chini ya jina la nchi unayoikusudia. Ukikuta nchi hiyo imeomba msamaha kwa bidhaa yako, au haimo kabisa katika orodha kwa kuwa bado haijaanza kutekeleza, rudi kwa wakala wako wa forodha akukokotolee upya kwa ushuru kamili.